Biodizeli Magharibi mwa Kenya Ianzie kwa Mwenye Injini

Ekari moja ya alizeti iliyopaliliwa vizuri huko Bungoma au Trans Nzoia humpa mkulima wa kawaida kama kilo 400 za mbegu. Zikikamuliwa kwa mashine ndogo za vijijini, hutoka mafuta lita 150 hivi, na yakigeuzwa yote kuwa biodizeli, yaani dizeli itokanayo na mafuta ya mimea au ya kukaangia, hubaki karibu lita hizo hizo. Zitie kwenye tangi la lori la trela lililosheheni mzigo pale Kisumu. Litafika Nairobi, mwendo wa kilomita 350 hivi, kisha tangi litakuwa tupu. Msimu mzima wa jasho la familia umekwisha kwa safari moja ya kwenda.

Naanza na hesabu hii kwa sababu mazungumzo ya biodizeli hapa kwetu huanzia kwenye mbegu. Anakuja mtu, anaitisha baraza kwa chifu, anagawa mbegu au anaziuza, anaeleza kwamba petroli inaisha duniani na kwamba shamba lako linaweza kuwa kisima cha mafuta. Nani atanunua, kwa bei gani, na mafuta yenyewe yataingia kwenye injini ipi, hayo huambiwa yatajulikana mbele ya safari. Naamini biodizeli ina nafasi yake katika ukanda huu wa Ziwa Victoria. Naamini pia kwamba nafasi hiyo ni ndogo kuliko tunavyoahidiwa, na kwamba tutaipoteza hata hiyo ndogo tukiendelea kuanzia shambani. Ni heri tuanze na mwenye injini, tumuulize anahitaji nini, halafu turudi nyuma hatua kwa hatua hadi tufike kwenye mafuta.

Jatrofa, mti ambao mbegu zake zina mafuta yasiyoliwa, ilitufunza hayo kwa uchungu. Kati ya 2005 na 2010 hakukuwa na semina ya kilimo iliyokosa kuutaja mti huo. Wizara ya Kawi iliandaa mkakati wa biodizeli wa 2008 hadi 2012, mashirika yakafungua vitalu, na wakulima wakaambiwa kwamba jatrofa huota kwenye mawe, haihitaji maji wala mbolea, na mbuzi hawaili. Sehemu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Mti huo huvumilia ukame. Lakini kuvumilia na kuzaa ni mambo mawili, na jatrofa iliyoachwa kwenye udongo mkavu ilibaki hai bila kuzaa cha maana. Mbegu zilizogawiwa hazikuwa zimeboreshwa na mtu yeyote. Mwaka 2009 ulitoka utafiti uliodhaminiwa na GTZ, shirika la maendeleo la Ujerumani, na kuwashirikisha watafiti wa KEFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa misitu, na wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha kilimo mseto. Walikuwa wamezunguka mashambani wakipima mavuno halisi, na ushauri wao ulikuwa wazi: mkulima mdogo asihimizwe kupanda jatrofa kama zao la shamba, ipandwe kama ua tu. Kilichoniuma zaidi ni biashara yenyewe ilivyokuwa. Fedha nyingi zilizozunguka zilitokana na kuuza mbegu za kupanda. Mkulima wa kwanza alimuuzia wa pili, wa pili akamuuzia wa tatu, na yule wa mwisho akabaki na mti usio na mnunuzi. Kule Tanzania kampuni ya Uingereza ya Sun Biofuels ilipewa zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe kwa ajili ya mti huo huo, na kufikia 2011 mradi ulikuwa umeanguka na wanavijiji wamebaki bila ardhi na bila kazi.

Hata tungepata mmea bora, ardhi ingetukwamisha. Kenya huchoma zaidi ya lita bilioni 2 za dizeli kwa mwaka. Tuseme serikali inaamuru kila lita iwe na asilimia 1 tu ya biodizeli. Hiyo ni zaidi ya lita milioni 20, na kwa lita 150 za alizeti kwa ekari tutahitaji ekari 133,000. Kaunti nzima ya Vihiga, pamoja na nyumba, makanisa, shule, vilima na barabara zake, ni ekari 131,000 hivi. Ukitaka asilimia 5, ardhi yote ya Siaya haitoshi. Na hii ni Vihiga ambako familia nyingi hulima chini ya ekari moja, na ambako mahindi ya Desemba huwa yamekwisha ghalani kabla ya Mei.

Yuko atakayesema mavuno yaongezwe. Yaongezwe, ni jambo jema, lakini hapo tunakutana na bei. Kenya huagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula, hasa mawese ghafi kutoka Malaysia na Indonesia. Nenda duka lolote la Kisumu, lita moja ya mafuta ya kupikia ina bei kubwa kuliko lita ya dizeli kituoni. Mwenye mashine ya kukamua alizeti Bungoma anaijua hesabu hiyo, kwa hiyo mafuta yake atayauza jikoni na hakuna kiongozi atakayemlaumu. Kuyachoma mafuta ya kula katika nchi inayoyaagiza kwa dola ni kuongeza deni mahali pamoja ili kulipunguza mahali pengine, na mwenye sufuria ndiye atakayelipa tofauti.

Basi, wanasema wengine, tupande kisicholiwa: mbarika, ule mmea wa mafuta ya nyonyo. Hapa Brazil ilitutangulia. Desemba 2004 serikali ya huko ilianzisha mpango wa taifa wa biodizeli, ikaahidi kwamba wakulima wadogo wa kaskazini-mashariki, eneo kame na maskini, watainuka kwa mbarika. Viwanda vilivyonunua kwa wakulima hao vilipunguziwa kodi. Ilikuwa sera ya watu waliowajali wakulima kwa dhati, nami naiheshimu. Hata hivyo biodizeli ya nyonyo peke yake ni nzito mno, zaidi ya mara mbili ya uzito wa kutiririka unaokubaliwa kwenye injini. Tena mafuta ya nyonyo yana wanunuzi wa viwanda vya rangi, vilainishi, vipodozi na plastiki, wanaolipa vizuri kuliko mwenye kituo cha mafuta. Nyonyo ikaenda kwa wanakemia na soya ya mashamba makubwa ikashika biodizeli. Dizeli ya Brazil ilifika mchanganyiko wa asilimia 15 Agosti 2025, ufanisi mkubwa kwa taifa, ila mkulima mdogo wa mbarika aliyetumiwa kuuza wazo hilo kwa umma yuko pembezoni.

Sisi nasi tuna mbarika sasa. Mwaka 2022 kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu Makueni, kikichukua mbarika, njugu za mti wa mukinduri na mbegu za pamba. Shehena ya kwanza ya mafuta ilisafirishwa mwaka huo huo kwenda Gela, Sicily, ambako Eni ina kiwanda kinachotumia haidrojeni. Teknolojia hiyo ni tofauti na biodizeli ya kawaida, na uzito wa nyonyo hauisumbui. Kwa mkulima wa Makueni, kupata mnunuzi mwenye kiwanda cha kweli ni hatua mbele ya zama za jatrofa, na sioni haya kukubali hivyo. Swali langu ni kwa viongozi wa kaunti zetu wanaotaka mpango kama huo uje Homa Bay au Busia: je, huo ni mpango wa kawi ya Kenya? Mafuta yanaondoka, dizeli inatengenezwa Ulaya, na trekta la mashamba ya miwa ya Chemelil linaendelea kunywa dizeli iliyoshushwa Mombasa. Tuuite jina lake, kilimo cha kuuza nje, tuupime kama tunavyopima chai na parachichi, yaani kwa bei anayolipwa mkulima kwa kilo na kwa muda anaolipwa. Wakulima wa miwa wa Mumias wanajua maana ya kusubiri malipo hadi kiwanda kinaingia mikononi mwa mrasimu, msimamizi anayewekwa kiwanda kikishindwa kulipa madeni, kama ilivyokuwa 2019.

Ukanda huu una mafuta ambayo hayahitaji ekari hata moja. Yako kwenye karai za chipsi za Kondele, kwenye jikoni za hoteli za Milimani, kwa wauza mandazi na kuku, na kwenye mikahawa inayokaanga samaki ufukweni. Tuseme Kisumu ina hoteli na mikahawa 100 inayomwaga au kuuza lita 20 za mafuta yaliyochakaa kila wiki. Hizo ni lita 104,000 kwa mwaka, sawa na mavuno ya karibu ekari 700 za alizeti, bila jembe. Ukiyageuza kuwa biodizeli na kuchanganya asilimia 20 kwenye dizeli ya kawaida, yanatosha magari 40 hivi yanayotumia lita 40 kwa siku kwa siku 300 za mwaka. Hayaokoi taifa. Yanaokoa bajeti ya karakana moja, na hicho ni kipimo cha kweli cha kuanzia.

Kuna ugumu ambao wapenda biodizeli hawapendi kuusema. Mafuta hayo hayatupwi yote. Yakichakaa hotelini huuzwa kwa wenye vibanda, nao huyakaangia tena hadi yanakuwa meusi na mazito. Mafuta yanayochemshwa mara nyingi namna hiyo hujaa kemikali zinazodhuru mishipa ya damu na moyo, na wanaoyala ni watoto wa shule na vibarua. Kuyatoa kwenye chakula ni faida kubwa ya afya, pengine kubwa kuliko faida ya kawi yenyewe. Lakini siku mkusanyaji atakapoanza kuyanunua, mama wa chipsi wa Manyatta ataamka na kukuta mafuta yake ya bei nafuu yamekwenda, na yale mapya hawezi kuyamudu. Nautaka mpango huo, na nataka yeye awe ndani yake. Alipwe kwa yale aliyokwisha kutumia, au abadilishiwe: alete lita kadhaa chafu apewe lita moja safi kwa bei iliyopunguzwa. Gharama hiyo iandikwe kwenye vitabu vya kiwanda tangu mwanzo. Kiwanda ambacho faida yake hutoweka baada ya kumlipa mama wa chipsi hakikuwa na faida.

Tena hatuko peke yetu sokoni. Sheria za Umoja wa Ulaya huruhusu mafuta ya gari yaliyotokana na mafuta yaliyokwisha kukaangia kuhesabiwa maradufu katika malengo ya nchi za huko, ndiyo maana makampuni ya nje yako tayari kuyafuata hadi jikoni kwetu. Kaunti ya Kisumu ikichelewa, karai za Kondele zitaendesha malori ya Ulaya.

Niseme kidogo kuhusu gugumaji, lile gugu linaloelea ziwani, maana kila mjadala wa kawi Kisumu huishia hapo. Gugumaji halina mafuta ya kukamua. Linatoa gesi ya kupikia, na majaribio ya gesi hiyo yamefanywa Dunga. Biodizeli haitoki humo. Na mgongo wazi wa Obunga, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki viwanda vikishachukua minofu, hukaangwa kwa mafuta ya mbuta mwenyewe, ambayo huharibika upesi yakiwekwa. Yanaweza kutumika, kwa kiasi, yakiwa mabichi.

Sasa kiwandani. Kilo 100 za mafuta hupashwa moto hadi nyuzi 60 hivi, hutiwa methanoli iliyoyeyushiwa kastiki soda kidogo, hukorogwa saa moja, kisha huachwa yatulie. Juu hukaa biodizeli kama kilo 100, chini glisarini kama kilo 10 ambayo watengeneza sabuni wanaihitaji. Likielezwa hivyo, jambo hili linaonekana jepesi, na mtandaoni zimejaa video za vijana wakilifanya kwenye mapipa nyuma ya nyumba. Nawasihi wasilifanye. Mafuta ya kukaangia yaliyochakaa yana asidi, na asidi hiyo ikikutana na kastiki soda hupati biodizeli, unapata pipa la sabuni. Biodizeli isiyooshwa vizuri huua pampu ya injini. Maji ya kuoshea yakimwagwa mtaroni huishia ziwani.

Na methanoli ni sumu. Taifa hili limezika watu wengi kwa ajili yake: mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli, na mwaka 2014 makumi ya wengine wakafa na kupofuka katika kaunti kadhaa. Kutawanya mapipa ya methanoli katika vijiji 50 kwa jina la kawi safi ni hatari ambayo hakuna lita ya dizeli inayoweza kuilipia. Vijiji vikusanye mafuta, vijiji vikamue mbegu. Kazi ya kemia ifanywe mahali pamoja penye leseni, kufuli, na daftari la kila lita inayoingia na kutoka.

Hapo ndipo Muhoroni, mji wa miwa, inapokuja akilini. Badala ya methanoli inayoagizwa nje unaweza kutumia ethanoli, na Muhoroni imetengeneza ethanoli kwa molasi tangu miaka ya 1980. Wakati huo Wakenya walikuwa wakitia petroli iliyochanganywa ethanoli kwenye magari yao. Mpango ule ulikufa mapema miaka ya 1990, bei iliyowekwa haikumlipa mzalishaji na makampuni ya mafuta hayakuutaka. Biodizeli iliyotengenezwa kwa mafuta ya Kisumu na ethanoli ya Muhoroni ingekuwa ya kwetu kwa kila tone, na wazo hilo linanivuta sana. Kemia inanizuia. Ethanoli inayotoka kwenye mtambo wa kawaida hubaki na asilimia 4 hivi ya maji, na maji hayo huvuruga kazi yote, kwa hiyo lazima ikaushwe kwa mtambo mwingine. Inahitajika nyingi zaidi, kama kilo 16 mahali ambapo methanoli ingetosha kilo 11. Glisarini nayo hukataa kujitenga kwa urahisi. Juu ya hayo watengeneza vinywaji huilipia vizuri. Kwa miaka ya mwanzo ningetumia methanoli chini ya ulinzi mkali, huku chuo kama Maseno kikipewa fedha za kulifanyia kazi swali la ethanoli kwa uzito, kwa sababu siku molasi itakaposhuka bei jibu litahitajika liwe tayari.

Turudi kwa mwenye injini. Matatu na malori binafsi hayafai kuwa ya kwanza, maana mwenye gari ambaye chujio lake limeziba mara moja hatarudi, na atawaambia wenzake stendi nzima. Biodizeli husafisha uchafu wa miaka uliogandamana kwenye tangi, na uchafu huo huishia kwenye chujio katika wiki za kwanza. Mipira ya zamani ya mpira asilia hulainika. Haya hayamsumbui mwenye karakana yake, fundi wake na tangi lake: kampuni za miwa zenye matrekta ya kubebea muwa, magari ya taka na matingatinga ya kaunti, mashine za kuvuna mpunga za Ahero, reli ya Nairobi hadi Kisumu iliyofufuliwa Desemba 2021, na meli kama MV Uhuru. Meli zinanivutia kuliko vyote. Biodizeli ikimwagika majini huoza haraka kuliko dizeli ya petroli, na hili ni ziwa ambalo watu wanachota maji ya kunywa. Wavuvi wa Dunga wasidanganywe lakini. Injini za mashua zao hutumia petroli, na biodizeli haitawapunguzia gharama.

Joto la Kisumu pia ni mali. Mafuta mengi tunayokaangia ni ya mawese, na biodizeli ya mawese huanza kuganda kwenye baridi ambayo dizeli ya kawaida haiijali. Lori lenye biodizeli isiyochanganywa likilala Timboroa au Molo, asubuhi halitawaka. Mchanganyiko wa asilimia 20 hupunguza tatizo, ila ni sababu nzuri ya mafuta haya kutumika huku bondeni yanakokusanywa badala ya kupandishwa milimani.

Nakuru ina njia yake. Mukinduri, mti ambao Waluhya huuita musine, umejaa kwenye mipaka ya mashamba na kando ya barabara, na njugu zake huanguka na kuoza. Eco Fuels Kenya, iliyoanza 2012 kule Nanyuki, ilinunua njugu hizo kwa waokotaji, ikakamua mafuta na kutengeneza mbolea kwa mashudu. Mafuta ya mukinduri yaliyochujwa vizuri yanaweza kuendesha jenereta zinazozunguka polepole hata bila kupitia kwenye kemia. Mti tayari upo, hakuna shamba la mahindi linalong'olewa, na anayeokota hulipwa siku hiyo. Hata hivyo njugu huja kwa msimu na usafiri wake hula faida, kwa hiyo kinu kikiwa mbali na miti biashara imekwisha.

Kuhusu sheria sina mengi. Sheria ya Kawi ya 2019 ipo, mkakati wa kawi ya mimea wa 2020 hadi 2027 upo. Kinachokosekana ni nafuu ya kodi. VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, na ada ya ukarabati wa barabara kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita Julai 2024. Biodizeli ya mafuta yaliyochakaa ikisamehewa sehemu ya mzigo huo kwa miaka michache, hesabu yake inaweza kusimama. Ikitozwa yote, itaendelea kuhitaji wafadhili, na wafadhili huondoka.

Kisha kuna mafuta ya dunia, ambayo hatuyatawali. Katikati ya 2014 pipa la mafuta ghafi lilikuwa zaidi ya dola 100, na Januari 2016 lilikuwa chini ya 30. Miradi mingi ya biodizeli duniani iliyokuwa na hesabu nzuri kwenye bei ya kwanza ilikufa kwenye ya pili. Kwa hiyo karakana ya kaunti au kampuni ya miwa itakayonunua biodizeli iandike mkataba wa miaka 5 wenye bei ya chini kabisa, ambayo mkusanyaji wa mafuta na muokota njugu watalipwa hata pipa likianguka, na fedha za kuifidia tofauti hiyo zitengwe benki kabla ya lita ya kwanza kutengenezwa. Gharama hiyo inaweza kukadiriwa leo. Kamati ya kawi ya bunge la kaunti ya Kisumu ingeweza kuiitisha kabla ya bajeti ijayo, na kabla ya kumruhusu mtu yeyote kwenda Nyakach au Seme na magunia ya mbegu.